Kusasisha BIOS, kubadili ubao mama au kubadili prosesa: ulinganisho wa njia tatu pale kompyuta uliyoiunda inapokataa kuwaka

Prosesa imekaa sawasawa kwenye soketi, feni zinazunguka, taa za kasha zinawaka, lakini skrini imebaki nyeusi. Mtu aliyejiundia kompyuta nyumbani akifika hapo huwa na njia tatu mbele yake: kusasisha BIOS ya ubao mama, yaani programu ndogo inayoiamsha kompyuta, ili iitambue prosesa hiyo, kununua ubao mwingine, au kuirudisha prosesa na kuchukua ile ambayo ubao wake unaikubali. Njia hizi hazifanani kwa gharama, kwa muda wala kwa hatari, na inayomfaa mmoja inaweza kumpotezea mwingine fedha bure. Kinachoamua kwa sehemu kubwa ni jamii ya soketi iliyopo. Mwenye soketi ya AM4 ya AMD aanze na BIOS kabla ya kutoa hata shilingi kwa ajili ya ubao mpya, ilhali mwenye ubao wa Intel wa LGA1151 au LGA1200 asome kwanza jina la chipseti yake, yaani chipu inayoratibu mawasiliano ya ubao na vipuri vyake, kwa sababu huko mara nyingi hakuna toleo lolote la BIOS litakalomsaidia.

Kabla ya kulaumu kutooana

Skrini nyeusi ina sababu nyingi, na zaidi ya moja kati ya hizo haihusiani kabisa na kuoana kwa prosesa na ubao. Kebo ya umeme wa prosesa, ile yenye pini nane au nne inayochomekwa karibu na kona ya juu ya ubao, ikisahaulika, feni zitazunguka kama kawaida na prosesa haitaanza kazi. RAM isiyosukumwa mpaka mwisho huleta hali ileile. Wanaotumia vipande viwili vya RAM kwenye ubao wenye nafasi nne waviweke katika nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, jinsi vitabu vya maelekezo vya mbao nyingi vinavyoagiza.

Sababu inayowachosha wengi bila sababu ni kebo ya monita. Prosesa za Ryzen 5 5600, 5600X na Ryzen 7 5800X3D hazina kabisa sehemu ya kutoa picha, na za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano Core i5-12400F, ziko vivyo hivyo. Aliyenunua mojawapo ya hizo bila kadi ya picha, akachomeka monita kwenye tundu la HDMI lililo nyuma ya ubao, hataona kitu siku zote hata kama vipuri vyake vyote ni vizima na vinaoana.

Mbao nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa ya CPU ikibaki inawaka, shaka juu ya BIOS huongezeka, ingawa taa hiyohiyo huwashwa pia na kebo ya umeme iliyolegea au pini iliyopinda. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na huweza kupinda prosesa inaponyofoka pamoja na kipoza joto. Kwenye AM5 na soketi zote za LGA za Intel, pini ziko ndani ya ubao, hivyo anayenunua ubao uliotumika aukague soketi yake kwa tochi kabla ya kulipa. Mwenye AM5 awe pia na subira, kwa sababu mara ya kwanza kuwashwa, ubao huipima RAM ya DDR5 kwa dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi, na si watu wachache wamezima kompyuta katikati ya zoezi hilo wakidhani imekufa.

Kipimo kinachoondoa ubishi ni kurudisha prosesa ya zamani, ikiwa ipo. Kompyuta ikiwaka nayo na kukataa mpya, ubao ni mzima, na toleo la BIOS linaloonekana katika ukurasa wa mipangilio linaweza kulinganishwa na orodha ya prosesa iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao. Katika orodha hiyo kila prosesa ina mstari wake, na mwishoni mwa mstari umeandikwa toleo la BIOS ambalo msaada wake ulianzia. Prosesa ikiwa imeorodheshwa kwa toleo jipya kuliko ulilo nalo, tatizo limepatikana na dawa yake ni kusasisha. Isipoorodheshwa kabisa, fikiria njia ya pili au ya tatu.

AM4: soketi moja, masharti mengi

AMD ilianza kuuza prosesa za Ryzen mwezi Machi 2017 kwa soketi ya AM4, na soketi hiyohiyo ikaendelea kupokea vizazi vipya hadi Ryzen 5000 ya Novemba 2020, kisha Ryzen 5 5600 na Ryzen 7 5800X3D za Aprili 2022. Kwa mnunuzi hiyo ni neema, lakini ndicho pia chanzo cha mkanganyiko, kwa kuwa prosesa ya 2022 huingia bila taabu kwenye ubao wa 2017, pini zote 1331 zikipata matundu yake, na bado kompyuta isiwake. Kinachokosekana ni maelekezo. BIOS hubeba ndani yake kifurushi cha AMD kiitwacho AGESA, ambacho kazi yake ni kuiamsha prosesa na kuiandaa pamoja na RAM. Ubao uliotoka kiwandani kabla ya prosesa hiyo hauna maelekezo yake na hauwezi kuyabahatisha.

Hapo ndipo historia ya chipseti ya B450 inapokuwa na faida kwa mtu anayechagua leo. Mbao nyingi za A320, B350, X370 na B450 zilipewa chipu ya BIOS yenye MB 16 tu, na maelekezo ya vizazi vyote hayakuenea humo. Mwezi Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba kizazi kilichokuwa kinakuja, yaani Ryzen 5000, hakingefanya kazi kwenye chipseti za B450 na X470; wenye mbao hizo walilalamika vikali, na mwezi huohuo kampuni ikageuza uamuzi. Mbao za mfululizo wa 300 zilisubiri mpaka mwanzoni mwa 2022 kupata ruhusa rasmi. Nafasi ya maelekezo mapya ilipatikana kwa kuyafuta ya zamani, hivyo matoleo ya karibuni ya BIOS katika mbao nyingi hayazitambui tena prosesa za A-Series zilizotangulia Ryzen, na baadhi ya watengenezaji huonya kwamba toleo jipya lisiwekwe na mtu ambaye bado anatumia Ryzen ya vizazi vya mwanzo. Anayesasisha kwa nia ya kubaki na prosesa yake ya zamani hana sababu ya kujiingiza huko.

Kwa mwenye B450 aliyenunua Ryzen 5 5600, kwa hiyo, njia ya kwanza karibu kila mara ndiyo sahihi. Ubao unaikubali prosesa hiyo, prosesa ina wati 65 rasmi tu ambazo hata mfumo wa umeme wa ubao wa bei ya chini unazimudu, na gharama ya kusasisha ni flashi na saa moja ya utulivu. Hali hubadilika kwa Ryzen 9 5950X yenye wati 105 rasmi na mahitaji makubwa zaidi inapofanya kazi nzito: orodha ya mtengenezaji inaweza kuikubali kwenye ubao wa A320, lakini vipuri vidogo vinavyogawa umeme karibu na soketi, visivyo na hata kipande cha bati la kupunguza joto, vitachemka na prosesa itajipunguza kasi. Kuorodheshwa maana yake ni kwamba kompyuta itawaka. Hakumaanishi kwamba utapata kasi uliyoilipia.

Mtego wa upande wa pili hausemwi sana. Ubao wa B550, uliotoka Juni 2020, huonekana mpya na wa kisasa zaidi, lakini hauzipokei rasmi Ryzen 1000 na 2000, wala Ryzen 3 3200G na Ryzen 5 3400G, ambazo majina yake huwafanya watu wadhani ni za kizazi cha 3000 kamili. Mtu mwenye Ryzen 5 2600 anayenunua B550 akitegemea kuongeza prosesa mwakani atakuwa ametoka kwenye kizuizi kimoja na kugonga kingine.

Intel: idadi ya pini si ahadi

Upande wa Intel, swali la BIOS huja baada ya swali la chipseti. LGA1151 ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Prosesa za kizazi cha sita za 2015 na cha saba zilitumia soketi hiyo kwa chipseti za mfululizo wa 100 na 200. Mwezi Oktoba 2017 kikaja kizazi cha nane, chenye pini 1151 zilezile na umbo lilelile, lakini mpangilio wa pini za umeme ulikuwa umebadilishwa, na chipseti iliyohitajika ilikuwa ya mfululizo wa 300. Core i5-8400 huingia kwenye ubao wa B250 bila kizuizi chochote na haiwaki. Wapo wapenzi wa vifaa waliofaulu kuviunganisha vizazi hivyo kwa kuziba baadhi ya pini na kuweka BIOS iliyochezewa. Ni ufundi wa kuvutia kuusoma, lakini sioni sababu ya mtu mwenye kompyuta moja ya kazi kuujaribu. Kwake njia ni mbili tu: ubao wa mfululizo wa 300, au prosesa ya kizazi cha sita au cha saba.

LGA1200 ina mtego mdogo zaidi ulio mgumu kuuona. Kizazi cha kumi cha 2020 na cha kumi na moja cha 2021 vyote ni vya soketi hiyo, na ubao wa H470 au Z490 unaweza kusasishwa ukapokea Core i5-11400. Ubao wa H410 au B460 hauwezi, licha ya kuwa wa mfululizo uleule wa 400, kwa sababu chipseti hizo mbili zilitokana na usanifu wa zamani zaidi. Anayesoma tangazo la kuuza lililoandikwa tu “ubao wa LGA1200” bado hajaambiwa jambo la maana.

LGA1700, iliyoanza Novemba 2021, ndiyo iliyoikaribia tabia ya AM4. Ilipokea kizazi cha 12, cha 13 na cha 14, na mbao za mfululizo wa 600 hukubali vyote vitatu baada ya kusasishwa, ilhali za mfululizo wa 700 hupokea kizazi cha 12 na cha 13 tangu zitoke kiwandani. Tahadhari hapa iko kwenye RAM: ubao mmoja wa B660 hutumia DDR4 na mwingine wenye jina linalokaribiana nao hutumia DDR5, na vipande hivyo havibadilishani nafasi. Kipoza joto cha soketi za awali nacho hakikai bila vishikizo vipya, kwa kuwa matundu ya LGA1700 yako mbali zaidi.

Kwa kizazi cha 13 na cha 14 kusasisha BIOS kuna umuhimu hata kompyuta inapowaka vizuri. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo za mezani zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole, ikatoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti mwaka huo na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia uharibifu lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha athirika, na kwa sababu hiyo Core i9-13900K ya mtumba yenye bei ya kupendeza inastahili kutiliwa shaka.

Namna tatu za kusasisha

Aliyekwisha kuamua kusasisha bado ana uchaguzi wa kufanya. Iliyo rahisi ni kutumia prosesa ya zamani: unaiwasha kompyuta nayo, unaingia kwenye ukurasa wa BIOS, unachagua faili lililo kwenye flashi, kisha baada ya kumaliza ndipo unabadilisha prosesa. Ikiwa prosesa ya zamani imeuzwa, ya kuazima inatosha. AMD yenyewe iliwahi mwaka 2018 kuwaazima prosesa wateja waliokwama na Ryzen 3 2200G na Ryzen 5 2400G kwenye mbao za zamani.

Ya pili ni kitufe kilicho nyuma ya ubao, ambacho ASUS hukiita BIOS FlashBack, MSI Flash BIOS Button na Gigabyte Q-Flash Plus. Hiki husasisha bila prosesa wala RAM, mradi pawa saplai imeunganishwa. Flashi iwe na mfumo wa faili wa FAT32, faili libadilishwe jina kama kitabu kinavyosema, kwa MSI liwe MSI.ROM na kwa Gigabyte GIGABYTE.bin, na flashi ichomekwe kwenye tundu lile moja lililotiwa alama. Kitufe kikishindwa, kosa kwa kawaida liko katika mojawapo ya mambo hayo matatu. Si kila ubao unacho: B450 TOMAHAWK MAX ya MSI ina kitufe pamoja na chipu ya BIOS ya MB 32, na mbao nyingi za bei ya chini za chipseti hiyohiyo hazina. Ukilinganisha mbao mbili zilizotumika zenye bei zinazokaribiana, lipia yenye kitufe.

Ya tatu ni kumpelekea fundi. Anayenunua vipuri Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi anaweza kuliomba duka lenyewe lifanye kazi hiyo kabla ya kuondoka na mzigo, na hilo ni afadhali kuliko kurudi baadaye na ubao uliofunguliwa.

Hatari iliyo kubwa katika namna zote tatu ni umeme kukatika BIOS inapoandikwa. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara atumie UPS, yaani betri ya akiba. Ubao wenye kitufe huweza kufufuliwa kwa kurudia zoezi. Usio nacho utahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu, kama CH341A, ambacho ni cha bei ndogo lakini chataka mkono uliozoea. Angalia pia kama mtengenezaji anaagiza toleo la kati liwekwe kwanza. Na ikiwa diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, programu ya Windows ya kuficha data, ufunguo wake uwe umehifadhiwa mahali pengine, kwa sababu baada ya kubadili prosesa ya AMD ubao unaweza kuuliza kama ufute hifadhi ya fTPM, sehemu inayotunza funguo za usalama, na anayekubali bila ufunguo huo hatazifikia faili zake.

Ubao mpya unanunua nini

Kwa mwenye AM4, B550 mahali pa B450 huleta hasa PCIe 4.0, njia ya mawasiliano yenye kasi zaidi kati ya ubao na kadi zake. Kwa kadi ya picha yenye njia zote 16, tofauti na PCIe 3.0 ni ndogo na haistahili gharama. Kwa Radeon RX 6500 XT, yenye njia nne tu, tofauti huonekana waziwazi katika michezo, na hapo B550 ina hoja. Hata hivyo Ryzen 5 5600G na Ryzen 5 5500 huishia PCIe 3.0 hata zikiwekwa kwenye B550, kwa hiyo anayenunua ubao huo kwa ajili ya prosesa hizo analipia njia ambayo gari lake haliwezi kuipita.

Kuhamia AM5 ni uamuzi wa aina nyingine. Soketi hiyo ya Septemba 2022 hutumia DDR5 pekee, hivyo ubao, prosesa na RAM hununuliwa kwa pamoja, ingawa vipoza joto vingi vya AM4 vinakaa. Faida yake ni uhai: Ryzen 7000, 8000G na 9000 zote ni za AM5, na AMD imeahidi kuiendeleza soketi hiyo hadi 2027 na zaidi. LGA1700 imefikia mwisho wake, kwani Core Ultra 200S za Oktoba 2024 zilihamia LGA1851. Anayeanza bila kipuri chochote na bajeti yake inaruhusu, namshauri AM5. Mwenye DDR4 mkononi na fedha za ubao na prosesa tu atapata thamani kubwa zaidi kwa Core i5-12400F kwenye B660 ya DDR4, au kwa kubaki AM4 na Ryzen 5 5600.

Njia ya tatu, kubadili prosesa, hudharauliwa bila haki. Kama duka linaruhusu kurudisha, na ubao ni wa H410, Core i5-10400 itawaka siku hiyohiyo bila kugusa BIOS, na katika kazi za kila siku mtumiaji hatahisi kwamba amekosa 11400. Njia hii huwa mbaya tu pale prosesa inapokuwa ya mtumba isiyorudishwa. Hapo kuna jambo la kuulizia mapema: baadhi ya prosesa za Ryzen PRO zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi za Lenovo zimefungwa kiusalama kwa mbao za Lenovo, na hazitawaka kwenye ubao mwingine hata soketi, chipseti na BIOS vikiwa sahihi. Hakuna sasisho linaloufungua mfungo huo.

Kwa ubao uliotumika, jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi. Tafuta namba ya toleo la ubao iliyochapishwa kwenye ubao wenyewe, kwa kawaida kwa maandishi kama rev. 1.0 au rev. 2.0, kwa sababu matoleo mawili ya ubao wenye jina moja yanaweza kuwa na orodha tofauti za prosesa na faili tofauti za BIOS. Kisha muombe muuzaji auwashe mbele yako na kukuonyesha toleo la BIOS lililomo, na akishindwa, haki ya kurudisha iandikwe kwenye risiti pamoja na jina kamili la prosesa unayokusudia kuiweka.